Pumzi Inapoharibu Picha ya Hospitali

VIPIMO VYA PICHA: SEHEMU YA TATU

Wiki iliyopita tuliona jinsi mashine ya CT inavyozungusha bomba la eksirei kandokando ya mwili, na jinsi kompyuta inavyokusanya mamia ya vivuli kutoka pande zote na kuvigeuza kuwa picha ya ndani. Kuna jambo moja tuliliweka kiporo. Hesabu zile zote zina sharti moja: mwili uliolala mezani usiwe umesogea tangu kivuli cha kwanza hadi cha mwisho. Mgonjwa anaweza kutuliza mikono, miguu na kichwa, lakini kupumua hawezi kuacha.

Msomaji wa Katesh aliyewahi kupigwa picha ya kifua analijua agizo la mtaalamu wa mionzi: "Vuta pumzi. Bana. Usitoe... Haya, pumua." Hiyo ndiyo dawa ya zamani kuliko zote ya tatizo hili, na hakuna iliyo rahisi kuliko hiyo. Ila inamfaa zaidi mtu mwenye mapafu mazima, naye si yule anayehitaji picha kuliko wengine. Wanaoihitaji ni mchimbaji wa Mererani aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi, mzee ambaye moyo wake hausukumi tena damu ipasavyo, mtoto mwenye nimonia, na majeruhi aliyevunjika mbavu. Ukiwaambia hawa wabane pumzi sekunde ishirini, umewaomba kile hasa ambacho ugonjwa umewanyang'anya. Ndiyo maana leo tunazieleza mbinu za kusahihisha mwendo wa pumzi tukiwa na swali moja mkononi: asiyeweza kutulia atapataje picha iliyo sawa na ya anayeweza?

Kinachosogea na kwa kiasi gani

Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mtoto mchanga hufika 30 hadi 60. Kazi kubwa hufanywa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, mapafu hujaa hewa. Kikipanda, hewa hutoka. Katika kupumua kwa kawaida hushuka sentimita moja hadi mbili. Katika pumzi nzito, kama ya mtu anayekikaribia kilele cha Hanang kwenye mita 3,420, kinaweza kwenda hadi sentimita kumi.

Kisichosemwa sana ni kwamba kiwambo hakisafiri peke yake. Ini limekishikilia kwa chini upande wa kulia, kwa hiyo hupanda na kushuka nacho. Wengu, figo na kongosho hufuata, kila kimoja kwa kiasi chake. Mapafu nayo hayasogei kwa kipimo kimoja: sehemu ya chini, karibu na kiwambo, husafiri mbali, na ncha ya juu karibu na bega husogea kidogo sana. Mbavu hutanuka kwenda nje na juu. Zaidi ya hayo, pafu huteleza juu ya ukuta wa kifua, likitenganishwa nao na utando wenye majimaji kidogo tu. Huo utelezi tuukumbuke, maana utatusumbua huko mbele.

Sasa piga hesabu. Uvimbe wa sentimita moja ulio sehemu ya chini ya pafu, ukisafiri sentimita mbili huku picha ikichukuliwa, utatawanyika katika eneo la sentimita tatu. Utaonekana mkubwa kuliko ulivyo na hafifu kuliko ulivyo. Ukiwa mdogo zaidi, huenda usionekane kabisa.

Kwa nini kichwa kilitangulia

Historia ya CT inaonyesha tatizo hili lilivyokuwa zito. Mgonjwa wa kwanza alipimwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Kila duru ilichukua dakika nne hadi tano. Katika muda huo mtu huweza kupumua mara sitini na zaidi. Kipimo kile kilikuwa cha ubongo, na haikuwa bahati tu: kichwa kinaweza kushikiliwa kisitikisike, na ubongo hauyumbishwi na pumzi kama ini linavyoyumbishwa. Hounsfield aligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuitafakari hesabu ya jambo hili mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Mfano wa karibu tunao hapa jirani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955 chini ya wamisionari wa Norway, imeingia katika maandishi ya kitabibu duniani kwa sababu ya picha za CT. Mwaka 2009 Andrea Winkler na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika pale juu ya watu wenye kifafa. Picha za vichwa vyao zilionyesha kwamba sehemu ya wagonjwa walikuwa na alama za viluwiluwi vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Kwa watu wa Mbulu na Hanang wanaofuga nguruwe, hilo lilikuwa jambo la kufuatilia hadi bandani na chooni. Kiufundi, kazi ile ilisaidiwa na kiungo chenyewe, kwa sababu doa dogo ndani ya ubongo hukaa pale pale mgonjwa akivuta na kutoa pumzi. Doa la ukubwa uleule likiwa kwenye ini lingekuwa habari nyingine.

Ili CT ishuke kifuani na tumboni ilibidi iwe na mbio. Katikati ya miaka ya 1970 zilitoka mashine zilizokamilisha duru kwa sekunde zipatazo ishirini, muda ambao mtu mzima anaweza kubana pumzi. Mwaka 1989 Willi Kalender wa Ujerumani na wenzake walionyesha CT ya mzunguko mfululizo, ambapo meza husogea bila kusimama huku bomba likizunguka. Leo mashine ya kawaida ya hospitali ya rufaa humaliza kifua kizima kwa sekunde kama kumi au pungufu. Mbio, basi, ndizo zilizokuwa sahihisho la kwanza: ukishindwa kumzuia mtu asisogee, maliza kabla hajasogea.

Kila mashine na kosa lake

Mbio hazikutatua kila kitu, kwa kuwa kila mashine hukusanya habari kwa mtindo wake na huharibiwa na pumzi kwa mtindo wake.

Eksirei ya kawaida huchukua sehemu ndogo ya sekunde, hivyo ukungu wa mwendo ni mdogo. Taabu yake ni ujazo wa hewa. Picha ikipigwa mgonjwa ametoa pumzi, mapafu huwa yamejikunja, moyo huonekana mpana, na sehemu za chini huwa na weupe unaoweza kudhaniwa nimonia. Mahali penye kifua kikuu kingi, kama kwenye migodi ya Simanjiro, pumzi isiyojaa huweza kumpeleka daktari njia isiyo yake.

Kwenye CT, mgonjwa akipumua katikati ya safari ya meza, kipande kimoja cha kiwambo hupigwa mara mbili na kingine kikarukwa. Kingo za ini hutoka na ngazi, na mishipa ya damu kwenye mapafu huonekana miwili miwili. Kurudia kipimo kunawezekana, ila mgonjwa hula mionzi mara ya pili.

MRI haitumii mionzi ya eksirei, lakini ni ya polepole. Hukusanya habari mstari baada ya mstari, na picha haipatikani mpaka mistari yote itimie. Kama mstari wa kwanza ulichukuliwa kifua kimejaa na wa pili kifua kimeshuka, kompyuta huunganisha habari za maumbo mawili tofauti. Matokeo yake ni mizuka: mafuta ya tumbo na ngozi hujirudia yakiwa hafifu juu ya ini, na wakati mwingine mzuka huangukia mahali ambapo mtu angeweza kudhani pana uvimbe.

PET ndiyo inayoteseka zaidi. Hapa mgonjwa hudungwa sukari iliyofungwa na kiini chenye mionzi, kisha mashine husubiri miale itoke mwilini. Kila eneo la mwili huhitaji dakika mbili hadi tatu, na hakuna awezaye kubana pumzi muda huo. Mtu anayepumua mara 15 kwa dakika atapumua mara 30 katika dakika mbili, na picha itakayotoka ni mchanganyiko wa pumzi zote thelathini. Tena PET huunganishwa na CT iliyopigwa kwa sekunde chache tu. Kama CT ilipigwa kifua kimejaa, ini katika picha moja liko chini na katika nyingine liko juu. Juu ya ini hutokea ukanda uliopinda usio na habari, na uvimbe ulio kwenye kilele cha ini huweza kuonekana kana kwamba uko ndani ya pafu. Kwa mgonjwa wa saratani hilo si kosa dogo, kwani saratani iliyofika kwenye mapafu na ile iliyo kwenye ini huenda zikapangiwa tiba tofauti.

Kusubiri, kugawa, kurudisha

Kuna njia tatu za kupambana na pumzi pale ambapo kuibana hakuwezekani. Tuchukue shamba la ngano la kule Basotu siku ya upepo. Masuke yanayumba, yanakwenda na kurudi, lakini kila suke lina mahali pake panapojulikana. Unataka kulipiga picha shamba zima, na kamera yako ni ya polepole.

Njia ya kwanza ni kusubiri upepo utulie na kupiga wakati huo tu. Kwenye MRI hufanyika hivi: mashine hutupia jicho kilele cha kiwambo upande wa kulia kabla ya kuchukua kila fungu la habari. Kikiwa ndani ya mpaka uliowekwa, kwa kawaida milimita tano hivi, habari hupokelewa. Kikiwa nje, hutupwa na kuchukuliwa upya. Msingi wa mbinu hii uliwekwa mwaka 1989 na Richard Ehman na Joel Felmlee wa Mayo Clinic, Marekani. Gharama yake ni muda, kwa sababu mara nyingi nusu au zaidi ya habari hukataliwa na kipimo huchukua maradufu. Mgonjwa aliyelala na maumivu ndani ya mashine ile huzihisi dakika hizo.

Njia ya pili ni kupiga mfululizo, kisha kuzigawa picha mafungu kulingana na upepo ulivyokuwa. Mgonjwa hufungwa mkanda wenye kihisi kifuani, au huwekewa kibao kidogo tumboni kinachofuatwa na kamera ya mialeinfra. Kila mwale wa PET, au kila duru ya CT, huandikiwa ulitokea pumzi ikiwa wapi. Mwishoni kompyuta hukusanya fungu la pumzi iliyojaa, fungu la pumzi iliyotoka, na yale ya katikati. Kwenye CT mbinu hii ilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo humpa daktari filamu fupi ya uvimbe ukipanda na kushuka. Kwenye PET ina bei yake. Ukigawa mafungu matatu, kila fungu hubaki na theluthi moja ya miale, na chengachenga za picha huongezeka takriban mara 1.7. Umeondoa ukungu na kuleta chengachenga.

Njia ya tatu hutibu jeraha la ya pili. Badala ya kuchagua fungu moja na kutupa mengine, kompyuta hutafuta kila sehemu ya mwili ilisafiri kutoka wapi hadi wapi kati ya fungu na fungu, kisha huirudisha. Ni kama kulirudisha kila suke mahali pake kwenye picha zote, ndipo picha hizo zikajumlishwa. Ukungu unaondoka na hakuna mwale uliopotea. Ugumu ni kwamba mwili haupandi na kushuka kama sanduku; hunyooka hapa na kujikunja pale. Hesabu inayotumiwa sana kufuatilia mabadiliko ya namna hiyo ilichapishwa mwaka 1999 na Daniel Rueckert na wenzake wa London, nao walikuwa wakishughulikia picha za MRI za matiti. Huutandaza mwili kwenye wavu wa vifundo, kisha huvuta vifundo hivyo polepole mpaka picha moja ilale sawasawa juu ya nyingine. Hesabu iliyokuwa ikichukua saa nzima leo inaweza kufanywa na akili bandia kwa sekunde chache, baada ya kufunzwa kwa picha nyingi.

Mahali ambapo sahihisho hukosea

Msomaji asidhani kwamba kompyuta ikishasahihisha mambo yamekwisha. Kwanza, mkanda wa kifuani hupima ngozi. Haupimi uvimbe. Mgonjwa akianza kipimo akiwa na hofu na kukimaliza akiwa na usingizi, uhusiano kati ya ngozi na kiungo cha ndani hubadilika njiani. Kikohozi kimoja huleta mwendo usio na mfano katika mafungu yote.

Pili ni ule utelezi tulioutaja. Programu nyingi huamini kwamba sehemu zilizopakana husogea pamoja. Kwenye ini ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini kwenye ukingo wa pafu si kweli: pafu linashuka, ubavu uliogusana nalo unabaki au unakwenda upande mwingine. Programu isiyolijua hilo hupinda mbavu ambazo hazikupinda, au hupunguza mwendo wa uvimbe ulio karibu na ukuta wa kifua.

Tatu, nguvu ya kurudisha ni nguvu ya kubadilisha pia. Hesabu iliyoachiwa uhuru kupita kiasi inaweza kuupunguza uvimbe ili tu picha zilingane. Kwa sababu hiyo daktari bingwa wa radiolojia huzitazama na picha ambazo hazijasahihishwa. Na programu iliyofunzwa kwa vifua vya watu wa Ulaya waliokuja kuchunguzwa mapema inapaswa kujaribiwa upya kwa mchimbaji mwenye makovu ya kifua kikuu na vumbi la mawe, maana mapafu yaliyokakamaa hayasogei kama yale yaliyoifunza.

Kwetu Hanang

Tuone sasa haya yote yanamfikia nani. Sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Tanzania iliupata kutoka IMF mwaka 2021 ilinunulia hospitali za rufaa za mikoa mashine za CT. Kwa mkazi wa Katesh kipimo hicho sasa ni safari ya kwenda mjini Babati. PET ni jambo jingine. Kiini chenye mionzi kinachotumika zaidi, florini-18, hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 110, kwa hiyo lazima kitengenezwe karibu na mgonjwa. Ndiyo maana huduma hiyo iko kwenye miji michache ya ukanda wetu, ukiwamo Nairobi.

Hivyo kwa wengi wetu njia ya pili na ya tatu ziko mbali, ila kuna mengi yasiyohitaji programu ya gharama. Mgonjwa afanye mazoezi ya pumzi kabla hajapanda mezani, mara mbili tatu, na mtaalamu ahesabu ameweza sekunde ngapi. Kama ameweza nane tu, CT ya kisasa inaweza kupangwa imalize ndani ya nane, au ianze chini ya kifua na kupanda juu, ili pumzi ikimponyoka mashine iwe imeshafika sehemu isiyosogea sana. Palipo na oksijeni, kumpa kidogo kabla ya kipimo humwongezea sekunde. Kwa picha nyingi za tumbo kwenye MRI, mgonjwa aambiwe abane baada ya kutoa pumzi, kwa kuwa kiwambo kikishatulia juu hurudi mahali palepale mara kwa mara kuliko kinapokuwa kimejaa. Mtoto mchanga ashibishwe, afungwe vizuri kwa khanga na kuachwa alale. Kwa wengi hilo huondoa haja ya dawa ya usingizi.

Agizo nalo lazima lieleweke. Mashine nyingi huja na sauti iliyorekodiwa katika lugha za kigeni. Bibi wa Kibarabaig au babu wa Kiiraqw asiyezoea hata Kiswahili atashtuka tu aisikiapo sauti ile, na mtu aliyeshtuka huvuta pumzi kwa kasi wakati mashine inapiga. Ndugu aliyemsindikiza na amfundishe nje ya chumba, kwa lugha ya nyumbani, kipi kitasemwa na afanye nini. Hospitali inayorekodi maneno manne kwa lugha za wagonjwa wake imefanya sahihisho la mwendo bila kununua kitu.

Altrasaundi nayo ina somo lake. Kwayo pumzi ni msaada: mgonjwa akivuta ndani, ini huteremka chini ya mbavu na kujionyesha. Katika miaka ya 1980 AMREF ilibeba mashine ndogo za altrasaundi hadi kwa wafugaji wa Turkana, Kenya, kutafuta mafuko ya minyoo inayotokana na mbwa, na kwa sababu picha ni ya papo kwa papo mwendo wa ini ulionekana kama ulivyo. Penye uvimbe wa ini unaotiliwa shaka, altrasaundi ya Katesh yenyewe ikifanywa na mkono uliozoea inaweza kuamua nani hasa apelekwe mbele.

Ukipewa rufaa ya CT au MRI, basi, mwambie mtaalamu mapema kama unakohoa, kama huwezi kulala chali, kama pumzi hukukatikia usiku. Usione haya na usijikaze kimya. Anayejua kwamba utaweza sekunde nane atakupangia kipimo cha sekunde nane. Anayedhani utaweza ishirini atapata picha mbovu, na daktari atakayeisoma Arusha au Dar es Salaam hatajua kwamba ubovu ule ni wa pumzi na si wa ugonjwa. Mtaalamu naye aandike kwenye ripoti kwamba mgonjwa hakuweza kubana. Mstari huo mmoja humkinga mgonjwa na tiba ya ugonjwa asiokuwa nao.

*Wiki ijayo, sehemu ya nne: pumzi katika tiba ya mionzi. Tutaona kwa nini mwanamke mwenye saratani ya titi la kushoto huambiwa ajaze kifua ili moyo wake usogee mbali na miale, na jinsi mionzi inavyoelekezwa kwenye uvimbe usiotulia.*